Miaka yangu na Jenerali Butler

Lowell, mji wa Massachusetts ninakoishi, una mtu wake mkubwa ambaye wenyeji hawajui wamfanye nini. Wasichana waliofuma katika viwanda vya nguo wana makumbusho yao. Mifereji iliyozungusha mashine inapitisha watalii kwa boti kila kiangazi. Ila mtaje Benjamin Franklin Butler, wakili, jenerali, mbunge na gavana, uone mzee wa hapa anavyokunja uso kabla hajacheka. Atakwambia Butler aliiba vijiko vya watu. Atakwambia alikuwa na makengeza. Kaburi lenyewe liko kwenye makaburi ya ukoo wa mkewe, akina Hildreth, si mahali watu wanapopita.

Mimi nimekaa naye miaka kadhaa sasa, kwa jinsi mtu anavyoweza kukaa na marehemu wa 1893. Mimi ni mkalimani. Natafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza mahakamani, hospitalini na kwenye ofisi za wanasheria, hasa kwa ndugu zetu wa Kongo waliofika huku baada ya kuishi miaka kambini Tanzania, Uganda au Burundi. Kazi hii ina kusubiri kwingi. Jalada halijaletwa, wakili yuko chumba kingine, shauri lililopangwa asubuhi linaitwa saa nane mchana. Kwenye viti vya korido ndiko nilikomsomea Butler, kwanza kwa udadisi tu, kwa sababu nilimsikia mwanasheria mmoja akimtaja kwa kejeli. Kitabu cha maisha yake alichokitoa 1892 kina zaidi ya kurasa elfu moja, na sidhani kama kuna ukurasa asiojisifu.

Kabla ya kuhamia huku nilikuwa karani wa wakili Tanga. Bosi wangu alikuwa na tabia moja: hati ya kiapo ya upande wa pili aliisoma mara nyingi kuliko ya mteja wake. Akiulizwa anatafuta nini, anajibu kwamba mtu humfungi kwa kamba yako wakati yeye mwenyewe amekuletea ya kwake. Nilimwona akishinda mashauri ya nyumba na mashamba kwa njia hiyo, na sikuipenda sana. Niliona ni ujanja wa maneno. Nilidhani sheria ikiwa upande wako, huna haja ya kumvizia mtu kwenye sentensi zake.

Butler alikuwa hivyo hivyo, tena zaidi. Alizaliwa 1818 Deerfield, New Hampshire. Baba yake, mtu wa baharini, alikufa kwa homa ya manjano huko Karibi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Mama, Charlotte, alihamia Lowell 1828 akaendesha bweni la wafanyakazi wa kiwandani, na mtoto akakulia humo, kati ya watu ambao siku yao ya kazi ilikuwa saa 12 hadi 13. Alitamani chuo cha kijeshi cha West Point, hakupata nafasi; akasoma chuo kidogo Maine, akaingia kwenye uwakili 1840. Wateja wake walikuwa wezi, walevi na wasichana wa mashine. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha msichana aliyedhulumiwa ujira: Butler akaomba amri ya kukamata mali ya kampuni, na mali aliyoitaja ikawa lile gurudumu kubwa la maji linaloendesha kiwanda kizima. Kampuni ililipa. Yeyote aliyewahi kumwona dalali wa mahakama akiingia uwanja wa mtu na karatasi yake anajua kwa nini.

Baadaye akiwa kwenye bunge la Massachusetts alipigania siku ya kazi ya saa 10. Wakati huo huo alikuwa na hisa katika kiwanda cha sufu cha Middlesex, hapa hapa Lowell. Ukitaka mtu wa kipande kimoja, usimtafute Butler.

Viwanda vya pamba vya mji huu vilikula pamba iliyochumwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Kitambaa kizito, cha bei ya chini, kilirudi Kusini kikawavika watumwa wenyewe. Na shuka za viwanda vya Massachusetts zilifika mpaka kwetu: wafanyabiashara wa Salem walizishusha Unguja tangu enzi za Sayyid Said, wakapakia pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Ndiyo merikani ambayo bibi yangu aliitaja kila akisimulia sanda na kaniki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga na serikali ya Muungano, vilipoanza 1861 pamba ikakatika, na merikani ikaadimika Unguja. Nilipolijua hilo niliacha kujiona mgeni sana Lowell.

Sasa nije kwenye Mei 1861, kwa sababu ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Ili kuona uzito wake lazima ujue Butler alikuwa upande gani. Alikuwa mtu wa chama cha Democratic, rafiki wa wanasiasa wa Kusini. Kwenye mkutano mkuu wa chama Charleston, 1860, alimpigia kura Jefferson Davis awe mgombea urais, tena makumi ya mara. Ndiyo, Davis yule yule aliyekuja kuwa rais wa waasi. Vita vilipolipuka Butler akaenda na wanamgambo wa Massachusetts, akiwa brigedia jenerali aliyeipata nyota yake kwa siasa kuliko kwa vita. Alipofika Maryland, Aprili 1861, zikavuma habari kwamba watumwa wataasi. Butler akamwandikia gavana wa Maryland kwamba askari wake wako tayari kusaidia kuuzima uasi huo. Gavana wake mwenyewe wa Massachusetts alimkaripia kwa hilo.

Mwezi uliofuata yuko Fort Monroe, ngome ya mawe kwenye ncha ya Virginia, ndani ya eneo la adui lakini bado mikononi mwa serikali ya Muungano. Tarehe 23 Mei wapiga kura wa Virginia walithibitisha kujitenga. Usiku huo watu watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walivuka maji kwa mashua ndogo kutoka Sewell's Point wakajisalimisha kwa walinzi. Walikuwa watumwa wa kanali mmoja wa waasi, Charles Mallory, na walikuwa wakifanyishwa kazi ya kujenga ngome ya mizinga kule ng'ambo. Walikuwa wamesikia kwamba watapelekwa Carolina, mbali na familia zao, wakajenge nyingine.

Kesho yake akaja afisa wa waasi, Meja John Cary, na bendera nyeupe. Butler akatoka kumlaki nje ya ngome. Cary akauliza: unafanya nini na watu wa Kanali Mallory? Nawashikilia, akajibu Butler. Lakini sheria ya watumwa watoro inakulazimisha uwarudishe. Butler akamjibu kwamba sheria ile haihusu nchi ya kigeni, na Virginia inajidai kuwa nchi ya kigeni. Cary hakuwa mjinga: ninyi mnasema hatuwezi kujitenga, kwa hiyo kwa msimamo wenu wenyewe huwezi kuwashikilia. Butler akasema, lakini ninyi mnasema mmeshajitenga, kwa hiyo kwa msimamo wenu hamuwezi kuwadai. Nawashika kama mali ya vita, maana mnawatumia kujenga mizinga ya kunipiga. Kanali Mallory akija hapa akala kiapo cha utii kwa Marekani, atawapata watu wake.

Niliposoma mazungumzo hayo, nikiwa koridoni, nilitoa sauti mpaka mlinzi akanitazama. Nilimsikia bosi wangu wa Tanga.

Lakini furaha ile ilinikaa vibaya baadaye, kwa sababu ukiitazama hoja yenyewe inakubali jambo chafu. Haisemi watu watatu wale ni watu. Inasema ni mali, kama farasi, kama baruti, na mali ya adui inayomsaidia kupigana inaweza kuchukuliwa. Mtu aliye huru moyoni angetaka jenerali aseme: hawa ni wanadamu, hawarudi, basi. Wako majenerali wawili waliojaribu kutangaza uhuru moja kwa moja. Frémont alifanya hivyo Missouri Agosti 1861, na Hunter akafanya hivyo Mei 1862 kwa majimbo ya pwani ya Kusini. Rais Lincoln alizifuta amri zote mbili. Ujanja wa Butler haukufutwa. Ulikuwa mdogo kiasi cha kupita mlangoni.

Na baada ya kupita, watu walipita nao. Habari ilienea bila gazeti. Ndani ya siku chache makumi ya watu walikuwa wamefika, wanaume, wanawake, watoto, vikongwe. Tarehe 30 Julai Butler alimwandikia Waziri wa Vita kwamba ana watu 900, na akawahesabu: wanaume 300 wenye nguvu, wengine 30 waliokwisha pita umri wa kazi ngumu, wanawake 175, watoto wa chini ya miaka 10 ni 225, wa kati ya 10 na 18 ni 170. Wanawake na watoto hawajengi mizinga, kwa hiyo hoja yake ya kwanza ilianza kuchanika, na yeye aliliona hilo. Katika barua ile anauliza kiwakili kabisa: kama walikuwa mali, wenyewe wamewatelekeza, sisi tuliowaokota hatutaki kuwamiliki, basi umiliki wote si umekwisha, na wao si wamekuwa tena wanaume, wanawake na watoto? Wiki moja baadaye, tarehe 6 Agosti, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kutaifisha mali iliyotumika kwa uasi, na watumwa waliotumikishwa jeshini wakaingia humo.

Hapa ndipo Butler aliponifaa kazini. Anayeomba hifadhi Marekani hatakiwi kusema tu kwamba ameteseka. Sheria inataka mateso yake yahusiane na moja ya sababu tano: rangi au kabila, dini, uraia, maoni ya kisiasa, au kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazowasumbua mawakili zaidi. Mashauri yenyewe siwezi kuyasimulia, nimekula kiapo. Naweza kusema tu kwamba nimekaa kati ya mama mwenye maisha marefu kuliko fomu yoyote na kijana wa ofisi ya wakili anayemrudisha kila mara: ndiyo, lakini walikufanyia hivyo kwa sababu gani? Zamani nilikuwa natoka vyumba vile na hasira. Niliona wanamkata mtu vipande ili aingie kwenye kisanduku. Siku hizi hasira haijaisha, ila naielekeza kwingine. Yule kijana anatafuta mlango uliopo kwenye ukuta uliopo, na ukuta hakuujenga yeye. Akiupata, watakaopita hawatakuwa wamepungua utu kwa sababu waliandikwa "kundi fulani la kijamii".

Nilikwenda Hampton, Virginia, kuiona ngome. Ni kubwa kuliko nilivyotazamia, kuta za mawe zimezungukwa na handaki lenye maji, na ndani yake kuna nyumba, miti mikubwa, hata watu wanaishi. Mwaka 2011 Rais Obama aliitangaza kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa. Kuna kibao kinachoeleza kwamba mahali hapo hapo, Agosti 1619, meli iitwayo White Lion iliteremsha Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola, wa kwanza kuletwa Virginia ya Waingereza. Na kwenye vyumba vya mawe ndani ya ukuta unaonyeshwa alikofungwa Jefferson Davis baada ya vita. Yule wa zile kura za Butler.

Nilikaa muda mrefu zaidi upande wa bahari. Sewell's Point ya leo ni kambi ya wanamaji, meli za kivita za kijivu zimepanga foleni. Maji hapo si mto wa kuvuka kwa kuruka mawe. Watatu wale walivuka usiku, na kitu ambacho vitabu hukipita haraka ni kwamba hawakuwa na sababu yoyote ya kumwamini mtu waliyemwendea. Butler alikuwa amefika ngomeni siku moja tu kabla. Sifa zake wakati huo, kwa mtumwa, zilikuwa za yule jenerali wa Maryland aliyejitolea kuwazima. Ngome nyingine za Muungano zilikuwa zikiwarudisha watoro kwa wenyewe. Walichokuwa nacho ni habari: walijua mizinga ya adui inajengwa wapi, na walijua jenerali angependa kujua. Walibeba kitu cha kubadilishana. Nimewaona watu wengi wakifanya hesabu ya namna hiyo, na huwa hawaiiti ujasiri. Wanasema tu kwamba hakukuwa na njia nyingine.

Kwa hiyo hata ukitaka kumpa Butler sifa, zinaanza kwao. Bila ile mashua, hoja yake nzuri ingebaki kichwani mwake, na pengine isingezaliwa kabisa. Wala maisha ya ngomeni hayakuwa mteremko. Watu walifanyishwa kazi ngumu, ujira ulicheleweshwa, mwingine haukulipwa. Waasi waliuchoma mji wa Hampton Agosti ile ile ili watu wa Muungano wasije wakaukalia, na watu waliotoroka wakajenga vibanda juu ya majivu. Chini ya mwaloni mmoja karibu na hapo mwanamke huru aitwaye Mary Peake alikuwa akifundisha watoto kusoma. Mwaloni upo mpaka leo, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Hampton, na kwa maoni yangu una haki ya kutembelewa kabla ya ngome.

Kuhusu Butler mwanajeshi sitasema mengi, hastahili. Big Bethel, Juni 1861, alishindwa. Bermuda Hundred, 1864, alijifungia na jeshi lake kwenye pembe ya mto, akazibwa humo. Fort Fisher, Desemba 1864, walilipua meli nzima ya baruti karibu na ngome ya adui na ngome haikutikisika, Januari akaondolewa.

New Orleans ni jambo jingine. Aliutawala mji huo kuanzia Mei 1862 mpaka Desemba, na huko ndiko alikopata majina yake mabaya. Alimnyonga mtu, William Mumford, kwa kuishusha na kuichana bendera ya Marekani. Wanawake wa mjini walipowatemea askari mate na kuwamwagia vyungu vya mkojo kutoka roshani, akatoa Amri Namba 28: mwanamke atakayemdhihaki askari achukuliwe kama mwanamke anayefanya biashara ya mwili wake. Dunia ililipuka. Waziri Mkuu wa Uingereza, Palmerston, aliilaani bungeni. Davis alitangaza kwamba Butler akikamatwa anyongwe papo hapo. Wafanyabiashara wakatengeneza vyungu vya kukojolea vyenye picha yake ndani. Mimi ile amri naiona chafu, hata nikikumbuka mate na mikojo. Kumtisha mwanamke kwa hadhi ya mwili wake ni silaha ninayoijua. Wanaokaa mbele yangu kazini wanaijua zaidi.

Ndugu yake, Andrew, alitajirika ghafla kwa biashara mjini humo, na hakuna anayeamini kwamba jenerali hakujua. Vijiko vya fedha ndiko vilikotokea.

Na bado. Mji ulikuwa na njaa, Butler akawatoza ushuru matajiri waliokuwa wamechangia vita vya waasi, pesa hizo zikanunua chakula cha maskini, zikawalipa watu kusafisha mitaro na mitaa. Akaweka karantini kali kwa meli. Homa ya manjano, iliyokuwa ikiua maelfu New Orleans katika miaka mibaya, mwaka huo ikakaribia kutoonekana. Sijui kama alimkumbuka baba yake. Hasemi, na Butler ni mtu wa kusema kila kitu.

Majira yale ofisa wake, Jenerali John Phelps, mtu wa Vermont aliyeuchukia utumwa kwa moyo wote, alianza kuwapanga watoro kuwa askari. Butler akakataa, akaamuru wakate miti. Phelps akajiuzulu. Wiki chache baadaye, alipoona hatapewa askari zaidi kutoka Kaskazini, Butler huyo huyo akawaandikisha Weusi wa New Orleans. Tarehe 27 Septemba 1862 kikosi cha kwanza cha Native Guard kikaapishwa, kikiwa na maofisa Weusi. Phelps alikuwa na haki, na alirudi kwao Vermont. Butler alikuwa na haja, na kikosi kikasimama. Nimejaribu mara nyingi kumpenda Phelps zaidi, na kwa kweli nampenda zaidi. Lakini kama ningekuwa mwanamume wa Louisiana mwaka ule, mwenye mke na watoto kwa bwana, ningesimama kwenye mstari wa Butler.

Baada ya hapo alibadilika kwa namna ambayo maslahi peke yake hayaielezi. Septemba 1864, New Market Heights karibu na Richmond, askari Weusi wa jeshi lake walipanda chini ya risasi mpaka wakaitwaa ile ngome. Kumi na wanne kati yao walipewa Nishani ya Heshima ya Marekani. Butler akaona haitoshi, akawatengenezea nishani nyingine kwa pesa zake. Waasi walipowaweka mateka Weusi wakafanye kazi mahali panapopigwa mabomu, naye akawapeleka mateka wa waasi kuchimba mfereji chini ya mizinga yao, mpaka wale Weusi wakaondolewa. Ni ukatili. Ulifanya kazi.

Bungeni, tangu 1867, alikuwa tayari amehamia chama cha Republican, upande wa wakali. Ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Baraza la Wawakilishi dhidi ya Rais Andrew Johnson 1868, na Seneti ilimwacha Johnson kwa upungufu wa kura moja. Wengi husema Butler aliiharibu kesi kwa kuiendesha kama kesi ya farasi. Mwaka 1871 alileta muswada wa kwanza dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowashambulia na kuwatisha Weusi. Ulikataliwa, ukapita mwingine wa Samuel Shellabarger. Kifungu kimoja cha sheria hiyo kinatumika mpaka leo: ndicho anachokitumia mtu anayelishtaki jeshi la polisi au ofisa wa serikali ya jimbo kwa kuvunja haki zake za kikatiba. Nimekitafsiri kifungu hicho zaidi ya mara moja. Alisukuma pia sheria ya haki za raia ya 1875, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliivunja 1883.

Mwaka huo wa 1883 alikuwa gavana wa Massachusetts, kwa muhula mmoja, kwa tiketi ya wale wale Democratic aliowaacha. Alimteua George Ruffin kuwa jaji, mtu Mweusi wa kwanza kufikia cheo hicho katika jimbo hili. Alimweka Clara Barton, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, kusimamia gereza la wanawake. Akafungua uchunguzi wa kelele nyingi juu ya nyumba ya maskini ya Tewksbury, jirani na Lowell, na sehemu kubwa ya kelele hizo ilikuwa kampeni. Chuo Kikuu cha Harvard, kilichokuwa na desturi ya kumpa kila gavana shahada ya heshima, kilimnyima. Mwaka 1884 aligombea urais kwa chama kidogo cha Greenback, akapata kura kama 175,000, zisizomfikisha popote.

Siku hizi nawafunza wakalimani wapya, wengi wao vijana wa Kikongo. Kwa zoezi la mahakamani nawapa mazungumzo ya Butler na Cary: mmoja anasoma Butler kwa Kiingereza, mwingine Cary, wa tatu anatafsiri papo hapo. Ni zoezi zuri kwa sababu kila sentensi inaishika ile ya kabla yake, na ukipoteza neno moja hoja inaanguka.

Safari iliyopita, kijana mmoja aliyekuwa Butler alisimama katikati. "Mama, yule kanali angekuja kweli akala kiapo?"

"Hakuja."

"Najua hakuja. Nauliza angekuja."

Nikamwambia kwamba kwa maneno yake mwenyewe Butler alikuwa ameahidi kuwarudisha. Kijana akaweka karatasi mezani, akasema sehemu hiyo yeye haisomi tena, apewe Cary, afadhali adui anayejulikana. Dada mmoja wa Goma akaiokota karatasi, akasema yeye ataisoma, mradi wale watatu wameshavuka. Akaisoma kwa madaha ya wakili wa mjini hasa, mkono kiunoni, mpaka Cary akasahau zamu yake.